Eti "shule" kwa Kigiriki ni mapumziko? Naomba mwenye kujua anieleweshe

Mama Wawili, Dodoma

Wakuu, habari zenu. Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu wa darasa la sita. Mgeni rasmi, katika kutuchangamsha, akasema neno "shule" asili yake ni Kigiriki na maana yake ni "mapumziko". Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikanikauka.

Mwanangu anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na robo kwa sababu sisi ndio wa mwanzo njiani, kisha linazunguka mitaa mingine yote. Masomo mpaka saa tisa na nusu, halafu tuisheni, na kwetu anashuka giza limeingia. Jumamosi tuisheni tena. Juzi usiku nilimkuta amelala juu ya daftari la hisabati, penseli bado iko katikati ya vidole. Alikuwa ameandika 7 x 8 = 5, na baada ya ile tano penseli ikateleza naye, ikavuta mstari mmoja mrefu mpaka ukingoni mwa karatasi. Nilikaa nikautazama ule mstari kwa muda.

Sasa naomba kueleweshwa. Hilo neno kweli lina maana hiyo, au ni hadithi za kutumiana kwenye simu? Kama ni kweli, imekuwaje mapumziko yakageuka kuwa haya? Na sisi tulilipata wapi, maana Wagiriki hawakututawala. Kikao kijacho nimepewa dakika tano kuzungumzia hizi Jumamosi, na sitaki kusimama mbele za watu na neno ambalo sina uhakika nalo.

Sangara, Mwanza

Dada, pole na mtoto. Ila hilo neno ni la Kijerumani, Schule, walituachia wao. Ni kama "hela", ambayo ni Heller, sarafu waliyoingiza mwaka 1904, rupia moja ikawa heller 100. Ndiyo maana Zanzibar hawasemi shule, wanasema skuli: wao tangu 1890 walikuwa chini ya Mwingereza, wakachukua la Mwingereza. Ugiriki sioni inaingilia wapi.

Mzee wa Muheza

Mleta mada, binti yangu, usiogope kusimama. Neno lako ni la kweli. Kijana wa Mwanza amelishika mkiani, mgeni wenu amelishika kichwani, na mnyama ni mmoja. Ila mgeni amekosea tafsiri kidogo, na katika hicho kidogo ndimo yalimo mambo.

Niseme kwanza nimelijulia wapi. Mimi ni mchungaji mstaafu. Kigiriki nilisomeshwa miaka miwili chuoni na tangu hapo sijakiacha. Kila asubuhi baada ya chai nasoma sura moja, nikifuata maneno kwa kidole. Agano Jipya langu la Kigiriki jalada lake limeshonwa mara mbili na fundi viatu wa sokoni kwa uzi wa nta, na pembeni mwa kurasa zake kuna maandishi yangu ya penseli, ya umri wa miaka ishirini na sita mpaka huu wa sabini na tisa.

Safari ya neno ni fupi kuieleza. Wagiriki walisema skhole, mkazo mwishoni. Warumi wakalichukua likawa schola. Kutoka kwa Warumi likasambaa Ulaya yote: scuola kwa Waitaliano, escuela kwa Wahispania, école kwa Wafaransa, school kwa Waingereza, Schule kwa Wajerumani. Wajerumani walipofungua shule za serikali huku kwetu katika miaka ya 1890, Tanga ikiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa, watoto wa pwani wakalisikia na kulifanya lao. Kwa hiyo shule na skuli ni ndugu wa baba mmoja waliofika kwa majahazi mawili.

Sasa maana. Ndani ya skhole mna kitenzi cha kushika, kuzuia. Mtu anakwenda, anajizuia, anasimama: pale aliposimama ndipo penye skhole. Mgeni wenu akaita "mapumziko". Lakini Wagiriki walikuwa na neno jingine la kupumzika baada ya uchovu, anapausis, na jingine la mchezo, paidia. Aristotle, mwanafalsafa wao, katika kitabu cha nane cha Siasa anayatenganisha kwa makusudi. Anasema mchezo na kupumzika ni kama dawa: mtu amechoshwa na kazi, anatumia dawa, anarudi kazini. Skhole siyo dawa ya kumrudisha mtu kazini. Skhole ndiyo inayotafutwa, na kazi hufanywa ili ipatikane. Pale anapoeleza mtoto afundishwe nini, anauliza muziki una faida gani, na jibu lake ni kwamba wazee wa zamani waliuweka katika malezi kwa ajili ya skhole, ili mtu akiipata ajue kuishi ndani yake.

Nilitafuta miaka mingi neno la Kiswahili la kukaa mahali pa hilo, na nikalipata nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Leo sina nafasi, nipitie kesho." Nafasi! Lilikuwa mdomoni mwangu siku zote. Nilirudi nyumbani na unga begani, nikafungua kitabu kabla ya kunawa, na mpaka leo ukurasa ule una alama ya kidole cheupe.

Tazameni lilivyokaa. Kwetu nafasi ni wakati na pia ni mahali; mtu ana nafasi, na chumba kina nafasi. Kigiriki ni vilevile. Katika Mathayo 12:44 yule pepo mchafu anarudi kwenye nyumba aliyotoka, anaikuta tupu, imefagiwa na kupambwa. Hiyo "tupu" kwa Kigiriki ni kitenzi cha skhole hasa, skholazo: nyumba ina nafasi, hakuna aliyeikalia. Paulo naye katika 1 Wakorintho 7:5 anawaambia mume na mke wanaweza kutengana kwa muda wapate kusali. Biblia yetu imeandika "faragha", na neno la Kigiriki ni lilelile.

Tena, angalieni kinyume chake. Mtu mwenye shughuli nyingi Wagiriki walimwambia ana askholia. Ile a- ya mbele ni ya kukanusha. Shughuli haikuwa na jina lake yenyewe, iliitwa "kukosa nafasi". Warumi nao walifanya hivyo: otium ni nafasi, negotium ni biashara na shughuli, yaani "si-nafasi". Na sisi je? Ukimpigia mtu simu ukamkuta kazini anakujibu "sina nafasi". Tumefikiri sawasawa na watu wale bila kuambizana.

Sasa niwaonyeshe mahali paliponishika kuliko pote. Agano la Kale lilitafsiriwa kwa Kigiriki na Wayahudi wa Misri, vitabu vya Musa vikitangulia katika karne ya tatu KK. Fungua Kutoka sura ya 5. Waisraeli wako kwenye matofali, wamenyimwa majani na hesabu ya matofali haikupunguzwa, wanaomba ruhusa wakamtolee Bwana dhabihu. Farao anawajibu kwamba ni wavivu. Mtafsiri ametumia skholazo: mna nafasi ninyi, ndiyo maana mnaomba. Kisha fungua Zaburi 46:10. Sisi tunasoma, "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Hiyo "Acheni" kwa Kigiriki ni skholasate. Kitenzi kilekile! Kinywani mwa Farao ni shutuma, kinywani mwa Mungu ni mwaliko. Niliyaandika haya mawili kwa penseli, moja kando ya jingine, siku nilipoyaona, na sikuhubiri kitu kingine Jumapili ile.

Swali lako la pili, nafasi iligeukaje kuwa jengo lenye madawati. Iligeuka polepole. Wanaume wa Athene wenye nafasi walikutana chini ya vivuli na kwenye viwanja vya mazoezi, wakazungumza. Plato, mwalimu wa Aristotle, ana kitabu, Theaetetus, ambamo mwalimu wake mwenyewe, Socrates, anawalinganisha watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mahakamani, wanasema huku wanatazama maji. Mahakama za Athene zilipima muda kwa chungu chenye tundu karibu na kitako. Maji yakiisha, umekwisha. Kimoja kimechimbuliwa pale sokoni Athene: kinachukua lita 6.4 hivi na kinamwagika kwa dakika kama sita. Wa pili ni wale wenye skhole, wanaoweza kuliacha jambo, kushika jingine na kulirudia la kwanza, maana wanachotaka ni kuufikia ukweli, hata njia ikiwa ndefu. Basi baadaye mazungumzo yenyewe ya watu wa namna hii yakaitwa skhole, kisha kundi la wanaomfuata mwalimu fulani, kisha mahali wanapokutania. Kuna habari kwamba Diogenes, yule aliyelala ndani ya mtungi, alikuwa akiikashifu skhole ya mwanafalsafa Euclides wa Megara kwa kuiita khole, yaani nyongo. Kashfa hiyo haina ladha kama neno halikwishakuwa na maana ya kundi la mwalimu.

Na mahali pekee neno hili linapotokea kama chumba katika Agano Jipya ni Matendo 19:9, Paulo akiwa Efeso, akijadiliana na watu kila siku katika darasa la Tirano. Kigiriki chasema "skhole ya Tirano". Kuna nakala ya kale, ya mwaka 400 BK hivi, iliyoko Cambridge, inayoongeza maneno machache: "kuanzia saa ya tano hata saa ya kumi". Mzungu akisoma hapo inambidi ahesabu kwa vidole, lakini sisi saa zetu ndizo zile zile, zinaanza jua likichomoza. Saa tano mpaka saa kumi, jua kali, watu wa mji wamejifungia ndani wanalala. Ukumbi ulikuwa na nafasi kwa sababu watu walikuwa wamepumzika, na Paulo aliyekuwa akishona mahema kwa mikono yake akaitumia nafasi hiyo kufundisha.

Kwa hiyo, binti yangu, ukisimama usiseme shule ni mapumziko, watacheka tena. Waambie shule ni nafasi, kisha waonyeshe lile daftari.

Mwanachuoni Mdogo, Unguja

Shikamoo mzee wangu. Umenifurahisha mpaka nimemwita mke wangu aje asome.

Naongeza la kwetu. "Nafasi" tumelichukua kwa Kiarabu, nafas, na huko ni pumzi. "Pumzika" nalo ni mtoto wa pumzi. Kwa hivyo kwetu sisi maneno yote mawili yanavuta hewa.

Lakini kabla ya skuli na shule, Waswahili walikuwa na chuo. Sisi huku hatusemi mtoto "amekwenda madrasa" tu, tunasema "amekwenda chuoni", na zamani chuo kilikuwa ni kitabu chenyewe, ndipo mtu aliyebobea akaitwa mwanachuoni. Nimekaa nikaona: Mswahili alipaita mahali hapo kwa jina la kitabu, Mwarabu akapaita madrasa kwa jina la kudurusu, na Mgiriki akapaita kwa jina la wakati. Mimi nilisoma chuoni asubuhi na skuli mchana, na wallahi nikikumbuka, chuoni ndiko nilikokuwa na nafasi. Maalim alikuwa akikaa na aya moja na mimi mpaka iingie, wenzangu wanasubiri, hana saa ukutani.

Suali langu mzee: hao watoto wadogo wa Kigiriki, nao walikuwa wakiambiwa "nenda skhole"? Na nimesikia mwalimu wao alikuwa mtumwa.

Mzee wa Muheza

Marahaba mwanangu. Hilo la maalim limenigusa, nimeliandika pembeni.

Hapana, mtoto hakwenda skhole. Alikwenda didaskaleion, mahali pa mwalimu, didaskalos. Kwa grammatistes alijifunza herufi, kwa kitharistes alijifunza kinubi na mashairi, na kwa paidotribes alijifunza mieleka uwanjani. Ni nyumba za watu watatu tofauti, na mzazi alilipa mwenyewe. Herodotus, mwandishi wao wa historia, anasimulia kwamba kule kisiwani Chios, muda mfupi kabla ya vita vya Lade vya mwaka 494 KK, dari la shule liliwaangukia watoto wakiwa wanajifunza herufi. Walikuwa 120, akanusurika mmoja. Kila nikisoma hapo nawaza ile nyumba iliyokuwa na watoto 120, na wazazi waliokuwa wakikimbia kwenda kule.

Mtumwa uliyemsikia hakuwa mwalimu. Huyo ni paidagogos, maana yake "mwongoza mtoto". Kazi yake ni kumpeleka na kumrudisha, kumbebea vitu, kumsimamia asicheze njiani. Kuna kikombe cha udongo kiko Berlin, kazi ya mchoraji Douris, cha karibu mwaka 480 KK. Kijana amesimama mbele ya mwalimu aliyefungua gombo la maandishi, wengine wako kwenye kinubi, na nyuma ameketi mtu mwenye fimbo, amegeuza kichwa anatazama. Ndiye huyo. Paulo anaposema katika Wagalatia 3:24 kwamba torati ilikuwa "kiongozi" wa kutuleta kwa Kristo, neno lake ni paidagogos. Kumbe hakuifananisha torati na mwalimu, ameifananisha na yule mtu wa kukushika mkono mpaka mlangoni.

Na kwa kuwa unajua Kiarabu: qalam, iliyotupa kalamu, asili yake ni kalamos ya Kigiriki, yaani tete. Qirtas, iliyotupa karatasi, ni khartes. Mjukuu wangu akitoka asubuhi na kalamu na karatasi kwenda shule, amebeba maneno matatu ya Kigiriki na hajui.

Mwalimu wa Historia, Kisumu

Mzee, heshima zako. Nimesoma uzi huu wote na nafundisha mambo haya, lakini kuna kitu lazima nikiseme. Nafasi ya nani? Aristotle huyohuyo, kitabu cha kwanza cha Siasa, anamwita mtumwa chombo chenye uhai. Wanaume wale walizungumza chini ya vivuli kwa sababu kulikuwa na watu wanachimba madini ya fedha kwenye mashimo ya Laurion, karibu na Athene, na wanawake ndani wanasuka na kupika. Msichana hakupelekwa kwa grammatistes. Hata huyo paidagogos wa kwenye kikombe, anasikia somo lote na hakuna aliyemwambia aketi na wengine.

Siwezi kuwaambia wanafunzi wangu skhole ilikuwa kitu kizuri bila kuwaambia hesabu yake ililipwa na nani. Wengi wao wakitoka shuleni wanachota maji na kuchunga wadogo zao.

Mzee wa Muheza

Mwalimu, sikupingi hata neno moja, na nashukuru umesema. Nilipaswa kulisema mimi.

Niongeze la kukutia nguvu. Aristotle, mwanzoni mwa kile kitabu chake cha Metafizikia, anaeleza kwa nini hisabati ilianzia Misri. Anasema ni kwa sababu huko tabaka la makuhani liliachiwa liwe na nafasi. Kitenzi alichotumia ni skholazein. Sasa weka hilo kando ya Kutoka 5. Nchi ni ile ile, Misri, na kitenzi ni kile kile. Kuhani anapewa skhole anapata hisabati. Mtu wa matofali anaomba skhole ya siku tatu anaitwa mvivu na kazi inaongezwa. Mimi nilipoona hilo ndipo nilipoelewa kwamba kunyimwa nafasi ni kunyimwa elimu, hata kama umekalishwa darasani kutwa nzima. Na huyo mtoto wa Dodoma amekalishwa kutwa nzima.

Wanafunzi wako wanaochota maji, waambie neno hili ni lao pia, na waambie lilivyozuiliwa. Yote mawili.

Mama Wawili, Dodoma

Shikamoo mzee. Shikamoo nyote mlionizidi. Nimesoma mara tatu na mara ya tatu nilimsomea mwanangu.

Jumapili nilimwacha. Sikumpa daftari, sikumpa simu, sikumtuma. Saa nzima ya kwanza alinizunguka akiuliza afanye nini. Baadaye alichukua trei tupu la mayai akaenda nalo uani. Nikamwona anapanga kokoto, saba kushuka, na nane hazitoshi, maana trei ni tano kwa sita. Akaliacha trei akahamia mchangani, akachimba vishimo kwa kidole: safu saba za vishimo vinane. Alivihesabu vyote kwa sauti, akafika hamsini na sita, akarudia kuhesabu kwa upande mwingine, nane za saba, akapata hamsini na sita tena. Aliinuka akaniambia, "Mama, ukigeuka haibadiliki." Hakuna aliyemuuliza.

Dakika zangu tano nimeshaziandika. Farao nimemwacha nje, nitaonekana nimekuja kugombana na walimu, nao najua wanasukumwa. Mwalimu wa Kisumu, neno lako la "nafasi ya nani" nimeliweka, kwa sababu wapo wazazi pale ambao mtoto akirudi mapema anakwenda kuuza karanga stendi, na kwao hiyo tuisheni ndiyo nafuu. Na wao nataka wasikie kwamba nawaona.

Mtoto wa Mkonge, Korogwe

Sikuwa na nia ya kuandika, mimi hupita kusoma tu. Lakini nina neno limenikaa tangu utoto na sasa nadhani nimelijua.

Marehemu baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, miaka ya sitini. Alikuwa kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani, na msimamizi wao alikuwa Mgiriki. King'ora cha jioni kikilia, huyo Mgiriki alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anafika mlangoni, anapaza sauti neno moja. Wafanyakazi wote wakalishika. Baba alikuja nalo nyumbani. Akimaliza kula, anasukuma sahani mbele, anasema "sikolasame!" Akimaliza kuezeka banda, "sikolasame!" Sisi watoto tulidhani ni lugha ya mashine. Siku za mwisho akiwa kitandani, nesi akimaliza kumfunga kidonda, alimwambia hivyohivyo, na nesi akacheka bila kujua.

Mzee, hilo ni lile lako?

Mzee wa Muheza

Ndilo, mwanangu. Ndilo kabisa. Wagiriki wa leo bado wana kitenzi skholao: kutoka kazini, kuachiwa. Skholasame ni "tumeachia kazi". Na watoto wa Ugiriki hulisema kengele ya mwisho ya shule inapolia.

Nina swali moja. Mkazo baba aliuweka wapi, kwenye "la" au kwenye "sa"? Sisi Waswahili tungeupeleka kwenye "sa".

Mtoto wa Mkonge, Korogwe

Kwenye "la", mzee. Aliivuta.